Ugomvi wa Majirani Wawili na Kompyuta za Maersk

Ugomvi wa Urusi na jirani yake Ukraine ulikuwa umetimiza miaka mitatu, tangu Rasi ya Crimea ilipotwaliwa mwaka 2014, wakati silaha isiyo na baruti ilipofyatuliwa siku ya Jumanne, tarehe 27 Juni, 2017. Kesho yake Ukraine ilikuwa iadhimishe Siku ya Katiba.

Silaha hiyo ilikuwa kirusi cha kompyuta, ambacho wataalamu walikipa jina la NotPetya. Walioituma hawakuvunja mlango wa kila mtu. Walijipenyeza kwanza katika kampuni ndogo ya Ukraine iliyouza programu ya hesabu za kodi, M.E.Doc, ambayo wafanyabiashara wengi wa nchi hiyo waliitumia. Marekebisho ya programu hiyo yalipopelekwa kwa wateja, kirusi nacho kiliwafikia, mfano wa adui aliyejificha ndani ya lori la chakula ambalo askari wa zamu hulifungulia lango kila siku bila kulipekua.

Fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi, na safari hii nyasi zilikuwa mbali sana na uwanja wa mapambano. Kampuni ya meli ya Maersk, yenye makao yake makuu Copenhagen, Denmark, haikuwa na ugomvi na upande wowote. Lakini katika shughuli zake za Odessa palikuwa na kompyuta moja iliyowekwa programu ile ya kodi. Moja ilitosha. Kirusi kilipita katika ufa wa Windows ambao Microsoft ilikwisha kutoa kiraka chake mwezi Machi mwaka huo. Na penye kompyuta zilizokwisha kuzibwa, kilitumia maneno ya siri kiliyoyaokota katika kompyuta nyingine. Yafaa ikumbukwe kwamba mbinu ya kuupenya ufa huo ilibuniwa na shirika la ujasusi la Marekani, ikaibwa, kisha ikatangazwa hadharani mwezi Aprili. Silaha iliyotoka ghalani haichagui mwenyewe.

Vioo vya kompyuta vilidai dola 300 ili kumbukumbu zifunguliwe. Dai hilo lilikuwa kiini macho tu, kwani ufunguo haukuwapo. Meli zilielea salama baharini, nahodha na mabaharia wakiwa kazini, lakini bandarini hapakuwa na aliyejua kontena lipi lina nini wala ni la nani. Katika gati la Elizabeth, New Jersey, malori yalipanga foleni mbele ya lango lisilofunguka.

Maersk ilikuwa na nakala za kumbukumbu zake nyingi. Kilichokosekana ni nakala ya daftari lenyewe la lango, yaani mitambo iliyoshika orodha ya watumiaji wote na ruhusa ya kila mmoja. Mitambo hiyo ilikuwa kama 150 duniani kote, nayo ilinakiliana yenyewe kwa yenyewe, hivyo ikadhaniwa kwamba mmoja ukifa mingine itaurithi. Haikufikiriwa kwamba yote ingekufa kwa pamoja. Ni kama kuwa na maghala 150 ya risasi na kuyaunganisha yote kwa utambi mmoja.

Uliopona ni mmoja tu, nao ulikuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, mtambo ukawa umezimika nje ya mtandao. Njia ya mawasiliano kutoka huko ilikuwa nyembamba, na kuituma nakala hiyo kwa waya kungechukua siku nyingi. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, ambako kazi ya ukombozi iliendeshwa. Basi mmoja wao akaruka na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaifikisha London. Kampuni yenye meli mamia iliokolewa na mzigo wa kubebwa mkononi.

Kwa siku 10 ilifunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Ya dunia nzima, Marekani iliikadiria kuwa dola bilioni 10. Marekani na Uingereza ziliinyoshea kidole Urusi mwezi Februari 2018, na mwaka 2020 Marekani iliwashtaki maofisa sita wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi. Urusi ilikana.

Likabaki swali la kama ile ilikuwa vita. Kampuni ya dawa ya Merck, iliyoumizwa na kirusi hicho hicho, ilidai bima dola bilioni 1.4. Wenye bima walikataa kulipa wakisema mkataba hauhusu madhara ya vita. Mahakama ya New Jersey iliamua mwaka 2022 kwamba kifungu hicho kilikusudia vita vya majeshi na silaha, si kirusi kilichoingia katika programu ya hesabu. Mahakama ya rufani ilikubaliana nayo mwaka 2023, na Januari 2024 pande mbili zilipatana kabla mahakama ya juu ya jimbo haijasikiliza shauri lao.