Historia fupi ya ndoano, uzi na rili: soma kabla hujanunua fimbo ya kuvulia

 

Tangu mvua zianze, vijana wa Tunduma, Mlowo na Mkwajuni wananiuliza swali moja: "Afisa, ninunue fimbo ipi ya kuvulia, na chambo gani bandia?" Wengi wameona video za Wamarekani wakivua samaki anayeitwa besi. Wanatupa samaki wa plastiki majini, wanazungusha rili, samaki mkubwa huyo anaruka. Kijana anapiga hesabu ya kambale wa Ziwa Rukwa na bei yake sokoni Tunduma, halafu anataka kuuza mbuzi wawili anunue vifaa vile vile.

Usiuze mbuzi bado. Vifaa unavyoviona kwenye video vina historia, na kila kimoja kilitengenezwa kwa ajili ya maji fulani na samaki fulani. Ukiijua historia hiyo utajua kipi kinakufaa na kipi kitakumaliza mtaji. Leo nitakuwa mrefu kidogo, nivumilie.

Huyo besi ni nani?

Besi mdomo-mpana ni samaki wa maji baridi wa Amerika ya Kaskazini. Hapa kwetu Songwe hayupo. Kwa Afrika Mashariki makao yake yanayojulikana zaidi ni Ziwa Naivasha nchini Kenya, na hata kule ni mgeni. Naivasha ya zamani ilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, kadogo kama dagaa, ambaye sasa hayupo tena ziwani humo. Miaka ya 1920 walowezi walipandikiza perege, na mwishoni mwa miaka hiyo wakamleta besi kutoka Marekani. Hawakumleta kwa ajili ya kitoweo. Walitaka mchezo wa mwisho wa wiki: kukaa kwenye boti, kutupa chambo, kupambana na samaki. Uvuvi wa biashara kwa nyavu ulifunguliwa Naivasha mwaka 1959. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi, nao wakawa chakula cha besi. Baadaye samaki mwingine wa kigeni, anayeitwa kapu, akaingia, na takriban mwaka 2010 huyo ndiye aliyekuwa akijaza makapu ya wavuvi, si besi.

Ninakueleza haya kwa sababu fimbo na vyambo vya besi viliingia Afrika Mashariki kama vifaa vya starehe. Aliyevitumia alikuwa na mshahara kwingine. Akikosa samaki, nyumbani watu wanakula. Wewe ukikosa, ada ya mtoto imekosekana. Hiyo tofauti iweke kichwani unapotazama bei.

Ndoano

Ndoano ni kongwe kuliko kilimo. Kwenye pango moja la kisiwa cha Okinawa, Japani, zimepatikana ndoano za gamba la konokono zenye umri wa miaka kama 23,000. Wamisri walivua kwa fimbo na ndoano za shaba, na michoro ya jambo hilo kwenye makaburi yao ina miaka kama 4,000. Kwa hiyo mtu akikuambia kuvua kwa fimbo ni mambo ya Wazungu, mwambie asome zaidi.

Ndoano ya kiwandani ni habari ya juzi. Uingereza, mji wa Redditch uliokuwa ukitengeneza sindano za kushonea, uligeukia pia ndoano, maana kazi inafanana: chuma chembamba, ncha kali, kuchoma na kupoza. Kisha kampuni ya Mustad ya Norway, mwaka 1877, ikaanza kutengeneza ndoano kwa mashine, na ndoano zake zikasambaa duniani kote.

Kutokana na historia hiyo tumerithi namba zinazochanganya watu. Namba ikipanda, ndoano inapungua: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya hapo hesabu inageuka, zinakuja zenye sifuri: 1/0, 2/0, 5/0, na hapo namba ikipanda ndoano inakua. Mvuvi anaagiza "kumi na mbili" akidhani anapata kubwa ya kambale, analetewa ndoano ya kuvulia vidagaa. Kwa kambale wa kuuzika anzia 2/0 kwenda juu. Perege ana mdomo mdogo, namba 6 hadi 10 inamtosha. Na ndoano kubwa ina faida nyingine: wale watoto wa kambale hawaimezi, unawaacha wakue.

Uzi, hapa tukae kidogo

Kama pesa yako ni ndogo, weka nyingi kwenye uzi na ndoano, fimbo iwe ya mwisho. Samaki hakatiki kwenye fimbo, anakatika kwenye uzi.

Mababu zetu wa ukanda huu hawakuwa wanyonge kwa nyuzi. Livingstone alipopita mto Shire na kufika Ziwa Nyasa mwaka 1859, aliona watu wakisokota nyuzi za nyavu kutokana na mmea unaoitwa bwazi. Alivutiwa nazo hadi akapeleka sampuli Uingereza zipimwe kama zinaweza kushindana na kitani. Mmea huo una maua ya zambarau, mizizi yake ni sumu, na unaota kwenye misitu ya miombo kama ya kwetu. Mzee wa kijijini anayejua dawa za miti atakuonyesha. Gamba lake linaloweka, linapondwa, linasokotwa pajani. Kazi ya wavu mmoja ilikuwa ya miezi, ndiyo maana wavu ulirithiwa.

Ulaya na Asia nao walikuwa na shida ile ile. Walitumia singa za mkia wa farasi, hariri, pamba na kitani. Vyote hivyo vinaoza. Ilibidi uzi uanikwe kila baada ya kuvua, la sivyo msimu unaofuata unakatika mkononi. Mwaka 1905 nyavu za makila za kitani ziliingizwa Ziwa Victoria, zikavua ngege kwa wingi kiasi kwamba ilipofika 1927 serikali za kikoloni zikatuma mtaalamu, Michael Graham, kuchunguza kwa nini samaki wanapungua. Mapendekezo yake yalizaa kanuni ya tundu la inchi 5 mwaka 1933. Kumbuka, hapo ni nyavu za kitani zinazooza!

Kisha ikaja nailoni. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliitangaza mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaingia kwenye uvuvi. Miaka ya 1950 nyavu za nailoni zikafika Ziwa Victoria. Haiozi, haionekani sana majini, na ina nguvu kuliko kitani. Kwa mvuvi ilikuwa neema. Kwa samaki ilikuwa msiba, kwa sababu hata wavu uliopotea unaendelea kuua chini ya maji bila mwenyewe.

Hapa ndipo linapotokea swali la timba. Timba ni wavu wa nailoni ya uzi mmoja usiosokotwa, na ni haramu nchini kwetu kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Vijana wananiuliza kama na uzi wa fimbo, ambao nao ni wa aina hiyo hiyo, umekatazwa. Katazo linahusu wavu. Uzi wa kufungia ndoano si wavu. Ila leseni ya uvuvi ni lazima, iwe umeshika wavu au fimbo, na ukifika mwaloni jitambulishe kwa afisa uvuvi na BMU kabla hujafungua begi.

Kwa hiyo uzi upi? Uzi mmoja wa nailoni unavutika, na huko kuvutika kunakusaidia samaki anaposhtuka na kuchomoka. Hasara yake ni jua. Ukiuacha juu ya paa la bati mwezi mzima, unakuwa kama tambi. Uhifadhi kivulini, na fundo lake lilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, maana likikazwa kavu linaungua kwa msuguano na kupoteza nguvu. Uzi wa kusokotwa wa kisasa, uliotoka miaka ya 1990, ni mwembamba mno kwa nguvu yake na hauvutiki hata kidogo. Ni mzuri, lakini unakata vidole na ukisugua jiwe unaisha. Kwa anayeanza, chukua uzi mmoja wa nailoni wa kilo 10 hadi 15 kwa kambale. Kambale akinaswa anajiviringisha, hivyo weka kile kichuma kinachozunguka kati ya uzi na ndoano, la sivyo utabaki na uzi uliojisokota kama waya wa simu.

Rili na fimbo

Mchina mmoja mchoraji, Ma Yuan, alichora karibu mwaka 1195 mvuvi mpweke kwenye mtumbwi, na fimbo yake ina rili. Ulaya walikuja kuizoea karne nyingi baadaye. Kule Kentucky, Marekani, fundi saa George Snyder alitengeneza karibu mwaka 1820 rili ya meno: unazungusha mpini mara moja, pipa linazunguka mara kadhaa. Hiyo ndiyo babu wa rili za besi unazoziona kwenye video, zinazokaa juu ya fimbo. Ni nzuri mikononi mwa mzoefu. Kwa anayeanza, pipa linazunguka haraka kuliko chambo kinavyokwenda, uzi unafumuka, na asubuhi yako yote inaishia kufumbua mafundo.

Nyingine ilizaliwa kiwandani. Mwaka 1905 Alfred Illingworth, mtu wa biashara ya nguo kutoka Bradford, Uingereza, aliiwekea hataza rili ambayo pipa lake halizunguki. Uzi unachomoka kupitia ukingo wake, kama unavyochomoka kwenye kibiringo cha mashine za kusokota nyuzi. (Mwaka huo huo Ewart Grogan alileta mayai ya samaki trauti kutoka Scotland kwa ajili ya mito ya Kenya. Sadfa tu, lakini naipenda.) Rili hiyo inatupa chambo chepesi bila shida, na ndiyo ninayokushauri. Ukubwa wa 4000 unatosha. Breki yake iweke iachie uzi unapovutwa kwa kama robo ya nguvu ya uzi wako. Pima kwa mzani wa kuning'iniza unaopimia nyama, usikisie.

Fimbo ilianza kama mwanzi, na mwanzi bado haujashindwa. Baada ya vita ikaja ya nyuzi za kioo, na miaka ya 1970 ikaja ya kaboni, kutokana na utafiti wa ndege wa Farnborough, Uingereza. Kaboni ni nyepesi na ghali. Ikigongwa kwenye bodaboda kutoka Mkwajuni kwenda bondeni inapata ufa usiouona, kisha inavunjika siku ya samaki mkubwa. Pia inapitisha umeme, na wewe unajua radi za bonde la Rukwa. Chukua ya nyuzi za kioo, au kata mwanzi mkavu. Faida kubwa ya fimbo ndefu kwetu hata si samaki. Ni mamba. Inakuwezesha kusimama mbali na ukingo, na hilo peke yake linatosha kuinunua.

Chambo bandia kinahitaji macho

Nick Creme wa Akron, Ohio, alitengeneza mnyoo wa plastiki mwaka 1949. Kabla yake Lauri Rapala wa Finland, mwaka 1936, alichonga samaki wa gome, akamfunika kwa karatasi ya chokoleti ili ang'ae. Huyu Rapala alikuwa mvuvi wa riziki kama wewe. Aliona kwamba samaki wakubwa wanamfuata yule mdogo anayeyumba kwenye kundi, akaiga mwendo ule.

Angalia wote wawili wamejenga juu ya kitu kimoja: samaki aone. Besi anawinda kwa macho. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, halina kina kirefu, upepo unachafua tope kila siku, maji ni kama chai ya maziwa. Kambale wa humo anawinda kwa ndevu na harufu. Ukimtupia plastiki ya rangi ya dhahabu unamchekesha. Mpe utumbo wa kuku, kipande cha samaki, au sabuni ya kipande kama wanavyofanya wavuvi wengi wa kambale.

Chambo bandia kinafaa pale maji yanapong'aa. Ukienda Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, sangala na kibebe wanakimbilia kijiko kinachong'aa. Ukienda Kyela kuna mbasa wa Ziwa Nyasa, ambaye hana undugu wowote na besi japo majina yanafanana. Mbasa anawinda kwa macho na anakamata chambo cha chuma vizuri. Lakini msimu wa mvua anapanda mitoni kutaga, kama Ruhuhu, na wanaoziba midomo ya mito kwa nyavu ndio waliomfikisha kwenye orodha ya samaki walio hatarini. Ukimkuta mtoni ana mayai, mwachie apite.

Kwa anayetaka kuanza Rukwa: uzi, ndoano kumi za 2/0 au 3/0, risasi chache za kuzamishia, vichuma vya kuzungusha, na mwanzi. Rili inunue kwa pesa ya samaki, si ya mbuzi. Wanaotaka kujifunza mafundo mawili ninayoyatumia, njooni ofisini siku ya mnada na uzi wenu wenyewe, wa kwangu umebaki kipande.