Kizingiti cha Hatua

Nengo, mtaa wa Gisenyi ulio kando ya Ziwa Kivu, si mahali pa mashamba makubwa. Lakini ukipanda kuelekea Musanze, kwenye udongo wa volkano, utayaona maua meupe ambayo Wanyarwanda huyaita ibireti, nasi pareto. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu ya hifadhi ya Volkano ilikatwa ili yalimwe, na kiwanda cha kuyasindika, SOPYRWA, kiko Musanze hadi leo. Pareto ni jamii moja na alizeti. Maua yake yakikaushwa na kusindikwa hutoa pairethrini, sumu inayoangusha wadudu. Mkulima wa huku, basi, sumu ya asili haiko mbali naye. Kazi ni kujua lini aipulizie.

Jambo hilo lilipata istilahi mwaka 1959, Vernon Stern na wenzake watatu wa California walipotenga viwango viwili. Cha kwanza ni kiwango cha hasara: idadi ya wadudu ambayo uharibifu wao unalingana na gharama ya kuwadhibiti. Cha pili kiko chini kidogo ya hicho, yaani idadi ambayo ukiiona inakupasa kuchukua hatua kabla hawajafika kwenye hasara. Hiki cha pili wengine hukiita kizingiti cha kiuchumi. Mimi napendelea kizingiti cha hatua, maana “kiuchumi” hakimwambii mtu aliyesimama shambani afanye nini.

Tuchukue alizeti. Tuseme dawa, kibarua na kukodi bomba vinagharimu sawa na kilo 60 za mbegu kwa ekari. Ikiwa funza wa vitumba waliomo watakula kilo 20, anayepulizia amejitia hasara ya kilo 40, na funza amemshinda kwa hesabu. Bei ya alizeti ikipanda, kizingiti hushuka. Dawa ikipanda bei, kizingiti nacho hupanda. Hakuna namba moja ya kubandikwa ukutani. Umri wa mmea nao una neno: sota akikata mche mchanga, mche huo umekwenda, lakini alizeti iliyokomaa huvumilia majani kuliwa kiasi.

Hapa ndipo neno la maofisa wa kilimo Tanzania, kisumbufu, linapofaa kuliko “mdudu mharibifu”. Kisumbufu chaweza kuwa mdudu, gugu, panya au ndege, na hakuna anayezaliwa nacho cheo hicho: vidukari watano kwenye shina si visumbufu bado, ni chakula cha wadudu kibibi. Ila ndege wanaodonoa vichwa vya alizeti vilivyokomaa ni visumbufu hasa, na hapo pareto haisaidii kitu.

Kizingiti hakijulikani bila kuhesabu. Pita shambani kwa mwendo wa kona kona, simama sehemu kadhaa, kagua mimea michache kila unaposimama, geuza majani na kuchungulia kichwa. Na hata idadi ikivuka, maua yakiwa yamefunguka usikimbilie bomba: alizeti huchavushwa na nyuki, na pairethrini, pamoja na uasili wake wote, huwaua nao. Jua huivunja haraka, kwa hiyo anayelazimika kupulizia hungoja jioni, nyuki wakiwa wamesharudi mzingani.