Viwanja vya Ndege vya Pittsburgh

Mji wa Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, umejengwa pale mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana na kuwa mto Ohio. Mito hiyo iliutajirisha mji, kwani matishari yalileta makaa ya mawe hadi kwenye matanuri ya chuma. Lakini viwanda na reli vilimaliza ardhi tambarare ya kando ya maji, na usafiri wa anga ulipoanza, pa kutua palitafutwa juu ya vilima.

Kiwanja cha Bettis, kusini-mashariki mwa mji, kilipewa mwaka 1926 jina la rubani wa jeshi, Cyrus Bettis, aliyefariki mwaka huo baada ya ndege yake kugonga mlima. Aprili 21, 1927, ndege za mfanyabiashara Clifford Ball zilianza kupeleka barua Cleveland kutoka hapo. Rubani alikaa mahali pasipofunikwa, upepo ukimpiga usoni.

Mwaka 1931 serikali ya kaunti ya Allegheny ilifungua uwanja mkubwa zaidi jirani na hapo, baada ya kukata vilele vya vilima na kufukia mabonde. Bettis ikapoteza kazi, na baadaye ardhi yake ikanunuliwa na kampuni ya Westinghouse. Maabara iliyojengwa hapo ilisanifu kinu cha nyuklia cha Nautilus, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu hiyo.

Jambo la ustadi mkubwa kuliko yote katika historia hii lilifanyika katika miji midogo, mingi yake isiyokuwa hata na kiwanja. Kuanzia Mei 1939, kampuni ya All American Aviation ilichukua barua bila ndege kutua. Mfuko ulifungwa kwenye kamba iliyotandazwa juu kati ya nguzo mbili. Rubani aliishusha ndege, akadondosha mfuko wa barua zinazoingia, na ndoano iliyoning'inia chini ya ndege ikanasa kamba. Msaidizi wake akauvuta mfuko ndani kwa winchi huku ndege ikipaa tena. Mji wa Latrobe, mashariki mwa Pittsburgh, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuhudumiwa hivyo. Mwaka 1949 kampuni iligeukia abiria. Baadaye ikaitwa Allegheny Airlines, kisha USAir, na hatimaye US Airways.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 uwanja wa kaunti, uliobanwa na mabonde, haukutosha tena. Uwanja mpya ulifunguliwa mwaka 1952 upande wa magharibi, Moon Township, na ule wa zamani ukaachiwa ndege ndogo, kazi unayoifanya hadi leo.

Viwanda vya chuma vilianguka katika miaka ya 1980, lakini usafiri wa anga uliendelea kukua. Jengo la abiria la mwaka 1992 lilijengwa kwa kuitegemea USAir, iliyokuwa na kitovu chake hapo, yaani mahali abiria wake walipobadilisha ndege. Kumtegemea mteja mmoja kiasi hicho kuligharimu sana: kampuni ilifilisika mara mbili, ikafuta kitovu mwaka 2004, na milango mingi ikabaki bila ndege.

Uwanja ulilazimika kutafuta mapato kwingine, ikiwemo gesi asilia iliyochimbwa chini ya ardhi yake. Tangu mwaka 2021 gesi hiyo, pamoja na paneli za jua, huupatia umeme wake wote. Novemba 2025 lilifunguliwa jengo jipya, safari hii likiwa limesanifiwa kwa abiria wanaoanzia au kumalizia safari zao Pittsburgh.