Ramu, ndimu, sukari: nani aliyeandika Daiquiri?

Ijumaa imefika, kwa hivyo leo hakuna PHP wala hifadhidata. Leo tunafungua kabati la vinywaji. (Msiokunywa msikimbie, hii ni historia zaidi kuliko pombe.)

Daiquiri ni kokteli ya vitu vitatu: ramu, maji ya ndimu na sukari. Unatikisa na barafu, unachuja, basi. Ni programu ya mistari mitatu, na mistari ikiwa michache hivyo kosa halina pa kujificha. Ndiyo maana wanaojifunza kuchanganya vinywaji nyumbani huambiwa waanze nayo.

Ukitafuta mwandishi wake, vitabu vingi vitakupa jina moja: Jennings Cox, mhandisi wa migodi kutoka Marekani, aliyekuwa Cuba mwaka 1898 hivi. Msimamo wangu ni kwamba Cox aliandika maelezo ya programu. Programu yenyewe iliandikwa na wengine, miaka mingi kabla yake. Tufuate rekodi ya mabadiliko.

1. Miwa

Ramu hutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya kutengeneza sukari. Katika karne ya 17, visiwa vya Karibi kama Barbados vilianza kuichachusha molasi hiyo na kuikeneka. Waliokata miwa, waliosaga na waliochemsha walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Nchini Cuba utumwa ulifutwa mwaka 1886, yaani miaka 12 tu kabla ya Cox kuingia kwenye hadithi. Viungo viwili kati ya vitatu, ramu na sukari, vilitoka mikononi mwa watu hao, na vitabu vingi vya vinywaji haviwataji.

2. Meli

Mwaka 1740, Edward Vernon, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza huko Karibi, alichoka na mabaharia walevi. Akaamuru nusu painti ya ramu ya kila siku ichanganywe na robo galani ya maji, yaani maji mara nne ya ramu. Amri hiyo hiyo iliruhusu baharia mwenye akiba anunue ndimu na sukari ili kinywaji kinyweke. Soma tena: ramu, maji, ndimu, sukari. Toa barafu tu, na Daiquiri imeshafika, miaka 158 kabla ya Cox.

Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi ikapewa tiba yake. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Jeshi lilichukua hadi 1795 kukubali kugawa maji ya limau kwa kawaida. (Ukidhani kampuni yako inachelewa kurekebisha hitilafu, kumbuka miaka hiyo 48.)

Mgao wa ramu wa mabaharia hao uliitwa "tot" na ulifutwa tarehe 31 Julai 1970. Ndilo neno lile lile unalotumia ukiagiza toti kwenye baa ya Nairobi.

3. Kitabu

Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, New York, lilieleza kokteli kuwa mchanganyiko wa pombe kali, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Mwaka 1862 Jerry Thomas, mhudumu wa baa wa Marekani, alichapisha kitabu cha kwanza cha vinywaji nchini humo. Ndani yake kuna familia ya "sour": pombe, kitu kichachu, kitu kitamu. Mfumo ukapata jina, na ukishajua mfumo unabadilisha pembejeo tu. Weka wiski, upate whiskey sour. Weka tekila na likeri ya machungwa, upate margarita.

4. Cuba

Katika vita vya Cuba dhidi ya Hispania vya 1868 hadi 1878, wapiganaji wa uhuru, wengi wao wakiwa weusi, walikunywa canchánchara: pombe kali ya miwa, ndimu na asali. Walitumia asali kwa sababu ndiyo ilipatikana msituni.

Halafu 1898 Marekani ikaingia vitani, na tarehe 22 Juni wanajeshi wake wakashuka ufukwe wa Daiquirí, mashariki ya Santiago. Kampuni za Kimarekani zilikuwa na migodi ya chuma eneo hilo, na Cox alifanya kazi huko. Akaandika kichocheo kwenye karatasi na kukipa jina la mahali. Mwaka 1909 afisa wa jeshi la majini, Lucius Johnson, anasemekana kukipeleka kwenye klabu ya maafisa mjini Washington. Marekani ilipopiga marufuku pombe, 1920 hadi 1933, wanywaji wake walivuka kwenda Havana, ambako Constantino Ribalaigua wa baa ya El Floridita aliiboresha Daiquiri na kuifanya maarufu duniani.

Kwa hivyo Cox hakuiba kitu. Alikuwa na kalamu, na alikuwa upande ambao karatasi zake zilihifadhiwa. Sisi wa programu huria tunaelewa: asiyeandika jina kwenye faili husahaulika, hata kama kazi yote ni yake.

Jaribio la nyumbani

Huna kopo la baa? Chupa ya jemu yenye kifuniko inatosha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama unavyosaka hitilafu.

A. Kipimo cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA: ramu nyeupe ml 60, ndimu ml 20, vijiko viwili vidogo vya sukari laini.

B. Kipimo cha David Embury, mwanasheria aliyeandika kitabu mwaka 1948: ramu 8, ndimu 2, shira ya sukari 1.

C. Canchánchara: pombe ya miwa ml 60, ndimu ml 15, asali ml 15. Koroga asali na maji ya uvuguvugu kwanza, la sivyo itaganda chini ukiweka barafu.

Tikisa A na B kwa nguvu sekunde 10 hadi 15. Barafu haipoozi tu, inaongeza maji, na maji ni sehemu ya kichocheo tangu siku za Vernon. Kamua ndimu papo hapo; ya chupa huua kila kitu. Pima nusu nusu ukitaka kuonja zote tatu, na funguo za gari ziweke mbali.

A ina uchachu ulio wazi. B ni kavu, ramu inasikika mbele, kwa hivyo ramu mbaya itajulikana mara moja. C ni nzito, harufu ya asali inabaki mdomoni.

Sasa mwaga ile pombe ya miwa ya C, weka vodka, ongeza barafu na kijiti cha kukorogea. Hiyo ni dawa, kokteli yetu ya Nairobi. Watu huilinganisha na caipirinha ya Brazil, lakini kwa asali yake naona iko karibu zaidi na wale wapiganaji wa msituni.

Kwa hivyo ukimwona mhudumu wa baa yako amebuni kitu kizuri, muulize jina lake, kisha liandike kando ya kichocheo. Kazi hiyo haichukui hata dakika.

Mkijaribu, niambieni ipi imeshinda kati ya A, B na C. Wikendi njema :-)