Ilimu ya Shaba katika Nchi ya Lualaba

Kabla ya kuasisiwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906, shaba ya nchi ya Wasanga, huko Katanga kusini mwa Kongo, ilikuwa na mafundi wake, ambao wakati wa kiangazi walichimba mawe ya kijani ya malakiti, wakayapanga pamoja na makaa katika tanuri la udongo wa kichuguu, wakavukuta kwa mivuo ya ngozi hata madini yakayeyuka, kisha wakayamimina katika kalibu zenye sura ya msalaba. Na ilimu hiyo mwanagenzi hakuipata ila kwa kumtumikia bwana wake.

Kampuni ilileta wahandisi wake kutoka Ulaya, na mwenyeji aghalabu akabaki kibarua. Chuo kikuu kilifunguliwa Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, mwaka 1956. Mwaka 1971 kikatiwa katika chuo kikuu kimoja cha taifa, hata mwaka 1981 kikasimama tena peke yake kwa jina la Lubumbashi. Leo mji wa Kolwezi, huko Lualaba, nao una chuo kikuu chake. Lakini kutafuta shahada ya uzamivu katika kobalti, madini yachimbwayo huko pamoja na shaba, kunahitaji maabara, msimamizi na posho ya miaka kadhaa, na hayo ni wajibu wa wanaofaidika na ardhi hiyo kuyagharimia.