Machicha Yanakokwenda

Ukitaka kujua kiwanda kidogo cha bia kinaendeshwaje, usianze na bia; uliza machicha yanakwenda wapi. Kila lita 100 za bia ya shayiri huacha takriban kilo 20 za machicha mabichi. Sehemu kubwa ni maji, na kinachobaki ni nyuzinyuzi na protini. Kwenye joto huanza kuoza upesi, na harufu yake haifichiki. Kwa hiyo mpika bia ama ana ng'ombe jirani, ama ana tatizo.

Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na ng'ombe jirani. Mbege, pombe yao ya ndizi, hutokana na ndizi mbivu zilizochemshwa kwa saa nyingi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa, kisha maji yake yakachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Magome ya msesewa ndiyo yanayotia ule uchungu. Machicha huingia zizini, hatua chache kutoka jikoni. Ng'ombe wa kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba ya Mchaga, hatolewi kwenda malishoni. Hufungwa ndani, akaletewa majani, na vigogo vya migomba vikakatwakatwa kuwa chakula chake. Samadi inarudishwa chini ya migomba ileile itakayozaa ndizi za pombe ijayo. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima, jambo ambalo bibi wa Kichaga angelipokea kwa kucheka, maana yeye alikuwa anapika pombe tu.

Sasa tuvuke bahari hadi Juneau, mji mkuu wa Alaska, usiofikika kwa barabara kutoka miji mingine: unaingia kwa meli au kwa ndege. Alaskan Brewing, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1986, kilikosa wafugaji wa kuyachukua machicha yake. Kwa miaka mingi kiliyakausha na kuyasafirisha kwa meli kwenda kusini, hadi kilipojenga boila linalochoma machicha hayo na kutoa mvuke wa kupikia bia nyingine. Gharama yake ilitajwa kuwa karibu dola milioni 1.8.

Wengi husifu boila hilo kama kilele cha uchumi wa mzunguko. Mimi nasita. Kuchoma chakula chenye protini nzuri ni njia ya mwisho, siyo ya kwanza, na pale Juneau inakubalika kwa sababu tu ng'ombe wako mbali mno. Boila hilohilo likiwekwa pembezoni mwa Nairobi, ambako wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hununua machicha ya bia kwa fedha zao, litakuwa upuuzi wa gharama kubwa.

Marekani kwenyewe viwanda vidogo vingi hufanya kama Wachaga: mkulima anakuja na gari, anabeba, mara nyingi bila malipo. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya huko ilipendekeza kanuni za usalama wa chakula cha mifugo ambazo wapika bia waliona zingewalazimisha kukausha na kufungasha kitu kilichokuwa kikitolewa bure. Walipiga kelele pamoja na wafugaji, na kanuni zikalegezwa. Kihambani hapakuhitajika ruhusa ya mtu, kwa kuwa mpishi, ng'ombe na mgomba vilikuwa vya nyumba moja. Mali inapogawanyika mikononi mwa watu wengi, mzunguko huhitaji mikataba, na mikataba huleta wakaguzi.

London wameanzia upande wa pili wa chungu, kwa kile kinachoingia. Toast Ale, iliyoanzishwa na Tristram Stuart, hutumia mikate iliyobaki badala ya sehemu ya kimea. Wazo lilitoka kwa wapika bia wa Brussels. Ni kazi nzuri, ila inategemea jiji linalooka mikate mingi kuliko linavyokula. Siku jiji hilo likipata adabu, malighafi itaadimika.

Lakini nisiipambe mbege kupita kiasi. Ndizi huchemshwa kwa kuni, na kuni nyingi. Majani ya ng'ombe, kwa sehemu kubwa, yalibebwa vichwani na wanawake kutoka tambarare, kwa hiyo hata duara hilo lilikuwa na tundu, na aliyeliziba alikuwa mwanamke mwenye mzigo. Tena mbege haisafiri: inaendelea kuchachuka, na baada ya siku chache hainyweki. Haikuhitaji chupa kwa sababu wanywaji walikuja, na kibuyu kikawazungukia.

Bia inayosafiri inataka chupa, na hapo mwalimu ni Ujerumani. Chupa ya bia ina amana ya senti 8 za yuro, na kwa kuwa viwanda vingi vinatumia umbo moja, chupa inaweza kujazwa na jirani na kurudi kazini hadi mara 50. Jimbo la Oregon, Marekani, lilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 2018 likiwa na viwanda vidogo vichache. Mtu wa Moshi au Kisumu hashangai: kreti la chupa tupu analijua tangu utotoni, alitumwa nalo dukani. Ila kreti hilo ni la kampuni kubwa. Mpika bia mdogo anayenunua chupa zenye umbo la kipekee ili apendeze rafuni amejitoa kwenye mzunguko kabla hajaanza kupika, na zizi la ng'ombe nyuma ya kiwanda halitamrudishia chupa hata moja.