Mbegu Kama Shahidi: Historia ya Moto katika Vichaka vya Rasi

Wanafunzi wa historia tumezoea kutafuta ushahidi katika barua, hati za serikali na masimulizi ya wazee. Katika insha hii ninamwita shahidi wa aina nyingine, yaani mbegu. Hoja yangu ni kwamba mbegu za vichaka vya Rasi, kusini-magharibi mwa Afrika Kusini, zinapinga hukumu ambayo wakoloni waliitoa juu ya moto na watu waliouwasha.

Vichaka hivyo huitwa fainbosi. Hukua kwenye udongo usio na rutuba, hukauka wakati wa kiangazi, na kwa kawaida huungua kila baada ya miaka 10 hadi 30 hivi. Wafugaji wa Kikhoikhoi walikuwa wakichoma malisho ili majani mabichi yachipue. Waholanzi waliofanya makazi huko mwaka 1652 waliuona moto huo kuwa tishio kwa nafaka na nyumba zao. Mwaka 1687 utawala wao uliweka adhabu ya viboko kwa kosa la kwanza la kuchoma nyika, na kunyongwa kwa kosa la pili. Amri hizo zimehifadhiwa, lakini maneno ya mfugaji mwenyewe hatuyapati humo. Hata katika karne ya 20, wataalamu wengi wa mimea waliendelea kuuhesabu moto kuwa adui wa fainbosi.

Je, mbegu zinasemaje? Tuanze na umbo. Protea nyingi hutunza mbegu zenye manyoya ndani ya vichwa vya maua vilivyofumbwa kwa miaka kadhaa. Moto ukiua mmea, vichwa hufunguka na mbegu huanguka kwenye majivu, mahali penye mwanga wa kutosha. Mimea mingine huangusha mbegu ngumu na laini kwa nje, zenye kipande cheupe cha mafuta. Sisimizi huzibeba hadi mashimoni, hula kipande hicho, kisha huziacha chini ya ardhi. Huko panya hazipati kwa urahisi, na moto hauziunguzi.

Rangi nayo ina kazi yake. Mmea uitwao Ceratocaryum argenteum, jamii ya matete, una mbegu kubwa za mviringo, za kahawia iliyokolea, zenye harufu kali. Mwaka 2015 Jeremy Midgley na wenzake walieleza waliyoyaona katika hifadhi ya De Hoop: mbegu hizo hufanana na kinyesi cha swala wakubwa. Mdudu anayeviringisha kinyesi hudanganyika, huzisukuma na kuzifukia, wala hapati chakula chochote.

Ushahidi huu si wa kufurahisha tu. Ua adimu liitwalo Orothamnus zeyheri lilikingwa na moto ili lisitoweke, lakini likazidi kupungua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilibainika kwamba mbegu zake zilikuwa zikisubiri udongoni, na miche ilichipua baada ya moto kupita. Ulinzi wenyewe ulikuwa ukiliua. Tangu wakati huo uchomaji uliopangwa ukawa sehemu ya utunzaji wa fainbosi. Mwaka 1990 watafiti wa huko wakaonyesha kwamba hata moshi peke yake unaweza kuamsha mbegu.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba moto ukija upesi mno, protea changa hufa kabla ya kuzaa mbegu. Ni kweli, na sidai kwamba kila moto wa wafugaji ulifaa. Hata hivyo, hoja hiyo inahusu wakati na idadi ya mioto. Sheria ya 1687 haikuuliza maswali hayo. Ilimfanya mwasha moto kuwa mhalifu, na ujuzi wake ukadharauliwa pamoja naye.

Kwa maoni yangu, somo kwetu ni hili: hati ya mtawala hutuambia alichoogopa, wala si lazima ituambie ukweli wa ardhi aliyoitawala. Maumbile ya mbegu hizi yalijengeka kwa vizazi vingi mno, muda mrefu kabla meli ya kwanza ya Waholanzi haijatia nanga. Moto ulikuwa mwenyeji pale. Waliokuja kuupiga marufuku ndio waliokuwa wageni.